Dubai hadi Guangzhou, Masaa Saba na Robo

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Mkimaliza kucheka, someni.

Kazi nimeifanya miaka mitano, kila siku baada ya shule na Jumamosi zote, kwenye duka la Tonton Gédéon hapa Albert Park, Durban, pembeni ya robot, yaani taa za barabarani, kati ya saluni na fundi wa simu. Tonton ni mdogo wake Mama. Anauza tiketi za ndege. Mimi niliandika vikaratasi. Mwaka huu ni wa matric, mtihani wa kumaliza sekondari, Mama amesema basi, kwa hiyo kwenye kiti changu sasa anakaa Ketsia, binamu yangu wa miaka kumi na tatu, na baada ya Ketsia atakuja mwingine. Haya nawaandikia ninyi mtakaokikalia kiti hicho. Ningeweza kuwaambia kwa mdomo, lakini mnanijua, mbele ya watu watatu sauti inanikauka. Ndiyo sababu Tonton alinipa kalamu na kaunta akabaki nayo yeye.

Kikaratasi ni hivi. Tiketi inatoka kwa Kiingereza, maandishi madogo kama mchanga. Wateja wetu ni Wakongo na Warundi wanaokwenda Dubai na Guangzhou kununua mabegi, nguo, nywele za kusuka, vioo vya simu. Wengi Kiingereza chao ni cha kuuzia tu, na wengine wanasoma namba peke yake. Basi tunachukua nusu ya karatasi na kuandika kwa mkono, kwa Kiswahili: unatoka wapi, unafika wapi, unabadilisha ndege wapi, unakaa angani muda gani. Mtu anaikunja ndani ya paspoti yake. Nimeviona vikaratasi vyangu vikirudi kutoka China vimelegea kama kitambaa, mtu amevifungua na kuvikunja njia nzima. Huo ndio uzito wake. Mtu yuko ndani ya uwanja wa ndege wenye watu elfu, hajui neno, ana mwandiko wako tu.

Usiandike kamwe "saa tatu". Mrundi anahesabu kuanzia jua linapochomoza, mtu wa Lubumbashi anahesabu kama saa ya ukutani inavyoonyesha, na ndege haisubiri hata mmoja wao. Andika namba kama zilivyo kwenye tiketi, 03:00, 14:15, hata ukidhani unajua zaidi.

Na jina la tiketi, maana hilo pia tunajaza sisi, nakili kutoka mistari ya chini kabisa ya paspoti, ile yenye mishale mingi. Mkongo ana majina matatu, na kanisani wanamwita kwa la nne. Mwezi wangu wa kwanza nilimjazia mzee mmoja jina analoitwa na mtaa mzima. Walimrudisha uwanjani. Alikuja dukani na mabegi yake mawili, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole, "Mademoiselle, mimi ni nani?" Tonton alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia chooni. Lakini yule mzee alisafiri wiki iliyofuata, na akaniletea kalamu. Kosa la namna hiyo linarekebishika. Ninalotaka kuwaambia halikurekebishika, na ndiyo maana naandika.

Swali la kwanza la kila mteja ni umbali. Akiuliza, "Dubai na Guangzhou iko mbali?" ukamjibu kilomita kama elfu tano na mia nane, atakutazama kama umemsomea namba ya simu. Tonton alinifundisha kumpimia mtu kwa njia aliyoipita. Kila mtu hapa amepanda basi la Joburg. Basi, kwa kilomita, Dubai hadi Guangzhou ni Joburg kwenda na kurudi mara tano. Lakini kwa muda ni safari moja tu ya basi hilo: unapanda, unakula, unalala shingo imepinda, unaamka umefika. Masaa saba na robo hivi. Kurudi ni zaidi, karibu manane na nusu, kwa sababu upepo wa huko juu unakuja usoni. "Ni kama kupanda mlima wa Pietermaritzburg na trela nyuma," Tonton huwaambia, na kila aliyewahi kuhama na vitanda vyake anaelewa.

Sasa, karatasi ya tiketi tunayochapa haionyeshi masaa hayo saba na robo. Inaonyesha saa ya kutoka na saa ya kufika tu. Inatoka Dubai 03:00, inafika Guangzhou 14:15. Ukitoa, unapata kumi na moja na robo. Ya kurudi inatoka Guangzhou 00:15, inafika Dubai 04:45. Ukitoa, manne na nusu. Kuna papa mmoja, baba mtu mzima wa Kikongo, alitugombeza kwamba tumemuuzia ndege mbovu ya kwenda na nzuri ya kurudi, akataka ile nzuri pande zote mbili. Tulimcheka wiki nzima. Mimi pia nilimcheka, na sikuwa na haki.

Maelezo yake ni mafupi. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa masaa manne. Kwenye tiketi, kila saa ni ya mji ulioandikwa kando yake. Saa ya kufika imeshageuzwa kuwa ya huko. Usiiguse. Ukitaka muda wa angani tu, ndipo unapunguza manne kwa kwenda na unaongeza manne kwa kurudi.

Tonton aliniambia hayo mapema kabisa. Niliitikia kwa kichwa, maana mimi huitikia kwa kichwa hata nisipoelewa. Kama una aibu kama yangu utafanya hivyo mara nyingi. Acha. Kilichoniingia mimi kilikuwa kitu kingine, zile saa tatu za ukutani, Durban, Dubai, Guangzhou, ambazo Tonton alizitundika kwa ajili ya simu. Mtu wa Dubai akitaka kupigia Guangzhou, ongeza manne. Hiyo niliijua kama jina langu.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mama Espérance, tunayemwita Mama Espé, mama wa kanisa letu anayekaa South Beach na kuuza mabegi, alikuwa amesafiri kwenda kununua mizigo kwa mara yake ya kwanza. Tulimpangia Durban hadi Dubai, akae huko siku chache anunue manukato, halafu Ijumaa aendelee Guangzhou. Huko Guangzhou alikuwepo mdogo wake, Trésor, anayepakia mizigo ya Waafrika kwenye makontena. Mama Espé ndiye aliyemlea tangu walipokimbia Uvira, akamleta mpaka hapa Durban. Kisha waligombana, sijui kwa nini, na Trésor akaondoka. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Kwenye simu walisalimiana tu. Safari ile ilikuwa ya mabegi, lakini kanisa zima tulijua si ya mabegi.

Jumanne alasiri simu ya duka ikalia. Nilikuwa peke yangu. Tonton alikuwa ameenda Greyville kuchukua wino wa printa, na simu yake ya mkononi aliiacha mbele yangu, inachaji.

Alikuwa Mama Espé, kutoka Dubai. Alisema Trésor yuko hospitali, utumbo umeharibika, watampasua kesho 17:00, saa ya Guangzhou. Alikuwa ameongea naye. Trésor alimwambia, njoo kabla hawajanilaza, kuna neno nataka kukuambia uso kwa uso, kwenye simu hapana. Mama Espé hakulia. Aliongea polepole, kama mtu anayebeba maji.

"Iko ndege ya hii usiku?"

Nikatafuta kwenye kompyuta. Ilikuwepo, ile ya 03:00, na nafasi zilikuwepo. Nikasema iko.

"Nitamukuta mbele ya hiyo 17:00? Unihesabie vizuri, mutoto wangu."

Hapo ningesema neno moja tu, subiri. Tonton alirudi baada ya dakika ishirini. Ile ndege ilikuwa bado masaa kumi. Lakini kuniita mtoto wake, na kuniamini hivyo, kulinifanya nione aibu kusema sijui. Nikaona 14:15. Nikatazama saa za ukutani. Nikakumbuka Guangzhou, ongeza manne. Nikaongeza.

"Hautamukuta, Mama," nikasema. "Utafika 18:15."

Nilisikia gari likipita huko kwao. Halafu akasema, basi haina haja ya kukimbia kama mwizi, atachukua ya asubuhi, ya 10:30, apange mizigo yake kwanza na amwombee. Nikamwambia ya asubuhi itamfikisha 01:45, Alhamisi imeshaingia. Kumbe kwenye tiketi imeandikwa 21:45. Tonton aliporudi nilimwambia Mama Espé anataka ya 10:30 badala ya Ijumaa, na mdogo wake anaumwa. Hakuwa na sababu ya kuuliza kuhusu ya usiku. Akabadilisha, akamtumia tiketi mpya kwenye simu.

Trésor alitoka kwenye kisu akiwa anapumua, lakini hakuamka. Mama Espé alimkuta hivyo. Alikaa naye siku mbili, akimshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mipira. Ijumaa, siku ambayo tiketi yake ya zamani ingemfikisha, Trésor akafa. Walimzika hukohuko.

Matanga yalifanyika South Beach, kwenye fleti ya Mama Espé ghorofa ya tisa. Viti vya kanisa, sufuria za wali, akina mama wamekaa chini sebuleni na wanaume wamesimama kwenye korido. Watu wanauliza katika matanga, mnajua. Aliumwa lini, nani alimwambia, kwa nini hakuwahi. Mama mmoja wa kwaya akasema wazi, mbele ya wote, kwani ndege ya usiku haikuwepo? Nilikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Mama Espé aliinua kichwa. Akasema hata angekimbia asingemkuta, hesabu zilifanywa, na mtoto wa Gédéon ndiye aliyemhesabia vizuri. Akaniita, akanishika mkono, akanikalisha karibu naye. Hakuna aliyeuliza tena.

Siku ile niliamini alichosema. Nilienda nyumbani nikiwa nimechoka lakini nina amani, hata nikaandika kwenye daftari langu kwamba nilimsaidia mtu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naandika kikaratasi cha kijana mmoja wa Bujumbura, njia ileile, ndege ileile ya 03:00. Tonton alipita nyuma yangu na chai yake. Akasimama.

"Hii 18:15 umeitoa wapi?"

Nikamweleza. Zamani nilinakili tu, lakini tangu ile simu nilidhani nimejua zaidi: ongeza manne.

"Umeongeza mara mbili," akasema. "Wao walishaongeza."

Alichukua kalamu yangu, akafuta, akaandika 14:15. Kisha akaona uso wangu. Tonton si mtu wa kuelewa polepole. Aliweka chai chini, akageuza ile alama ya mlangoni iseme tumefunga, ingawa ilikuwa mchana wa Jumamosi na watu wako nje.

Nilihesabu mara nyingi sana tangu siku ile. Angeshuka 14:15. Mlango wa paspoti, teksi, njia. Angeingia hospitali labda saa moja nzima kabla hawajamchukua. Saa moja, baada ya miaka sita.

Tonton alisema nikae kimya. Siandiki hili ili kumsema vibaya. Ndiye mwalimu wangu wa kila kitu. Alisema ile hesabu yangu mbaya ndiyo inayompa Mama Espé usingizi. Nikiitoa, atabaki na nini? Alisema kosa ni lake, yeye aliyeacha mtoto na simu, na atalibeba yeye. Aliongea kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza niliona ana mvi.

Nikakaa kimya siku tisa. Jumapili zote mbili Mama Espé alinitafuta kanisani anisalimie, na kila aliponishika mkono nilijisikia kama nimevaa nguo ya mtu bila kumwambia. Siku ya kumi nilitoka shule sikuenda dukani. Nilienda South Beach. Lifti ilikuwa imekufa. Nilipanda ghorofa tisa nikirudia sentensi yangu, na nilipofika juu sikuwa na pumzi ya kuisema.

Mama Espé alikuwa chini sebuleni, anajaza karatasi ndani ya mabegi ili yakae na umbo. Alinisukumia rundo la magazeti, nami nikaanza kukunja pamoja naye. Tulijaza mabegi manne au matano.

"Mama Espé, ile siku nilikosea," nikasema. "Ndege ya usiku ingekufikisha 14:15. Ungemukuta."

Aliendelea kukunja.

"Najua."

Sikuelewa anajua nini.

"Niko na saa ya mukono," akasema. "Sikuigusa. Nilipanda 10:30, nikashuka inasema 17:45. Masaa saba na robo. Na ukuta wa kule ulisema 21:45, wewe uliniambia 01:45. Masomo sina, lakini kuhesabu niko najua. Miaka yote nauza."

Nikamuuliza, basi kwa nini alisema vile kwenye matanga.

Aliweka begi pembeni. "Yule wa kwaya alikuwa anatafuta mutu. Ulikuwa umesimama pale na vikombe. Ungeenda wapi wewe, na kanisa lote linakuangalia?" Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Usifikiri sikukasirika. Nilikasirika, na hasira ingali iko. Lakini ile hasira ni yangu na wewe. Si ya kanisa."

Nililia, na yeye hakunibembeleza. Aliniacha mpaka nikamaliza. Najua sasa kwamba hiyo ilikuwa heshima, kwa sababu mtoto anabembelezwa, na mtu mzima anaachwa amalize. Halafu akaniletea nusu ya karatasi na kalamu.

"Niandikie tena. Ile ya kweli."

Nikaandika juu ya begi. *Unatoka Dubai 03:00, saa ya Dubai. Angani masaa saba na robo. Unafika Guangzhou 14:15, saa ya Guangzhou.* Aliisoma kwa kidole, namba baada ya namba. Akaikunja akaiweka kwenye pochi yake.

Ndiyo maana, Ketsia, kwenye vikaratasi vyetu kila saa ina jina la mji wake. Utaona ni kazi ya kurudiarudia, mkono utachoka, na mteja mwenye haraka atakuambia acha, naelewa. Andika tu. Na ndiyo maana kuna kile kibao kidogo nilichobandika chini ya simu chenye neno moja, SUBIRI. Wengine wanadhani ni la wateja. Ni lako. Mtu akikuuliza kitu usichokijua, hata kama anakuita mtoto wake, hata kama unajisikia kufa kwa aibu, lisome kwa sauti. Hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwa sababu ya neno hilo. Tonton naye hatoki tena bila simu yake.

Siku yangu ya mwisho dukani mlikuwepo wote, mkakumbuka keki. Mimi nakumbuka kabla ya keki. Duka limejaa, mashine za saluni zinalia upande wa pili, na Mama Espé akaingia. Alikuwa hajasafiri tangu wakati ule. Alitaka Guangzhou. Alipita mbele ya Tonton, akaja kukaa mbele yangu. Ketsia, wewe ulikuwa pembeni yangu, ukaniuliza baadaye kwa nini kikaratasi kimoja kilinichukua muda mrefu vile.

"Toka Dubai," akasema, "angani ni masaa ngapi?"

Alikuwa anajua.

"Saba na robo," nikasema. Sauti ilitoka. Hata wa saluni waligeuka.

Nikampa kikaratasi. Akafungua pochi, akatoa kile cha zamani, kimeshakuwa laini na kimepasuka kwenye mkunjo. Akaviweka kaunta, kimoja kando ya kingine, akapitisha kidole, namba baada ya namba, mpaka chini.

"Zinafanana," akasema.

Akavikunja vyote viwili pamoja, akavitia ndani ya paspoti.